Chumba cha wageni, binti wa kidato cha nne, na mama mkwe anayekuja mwezi Machi

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia juu ya jambo ambalo kwa mtu wa nje linaweza kuonekana dogo, lakini hapa nyumbani limetugawa tangu sikukuu za mwisho wa mwaka. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba yetu wenyewe yenye vyumba vitatu vya kulala. Kimoja ni chetu mimi na mume wangu, cha pili wanalala wanangu wawili wa kiume wenye miaka 14 na 13, na cha tatu tumekiita chumba cha wageni tangu siku tuliyohamia. Kina futi 10 kwa 11, kina dirisha moja linalotazama mashariki, na ukuta wake wa kaskazini umepakana na bafu.

Binti yangu mkubwa ana miaka 16 na Januari hii ameingia kidato cha nne. Ndiye anayelala katika chumba hicho, lakini chumba si chake. Humo kuna kitanda cha mninga cha tano kwa sita ambacho mume wangu alikiagiza kwa fundi mwaka 2006 tulipooana, magunia mawili ya mchele, viti 12 vya plastiki, sufuria kubwa za shughuli na jokofu lililokufa ambalo kila mwaka tunasema tutalitengeneza. Nguo za binti ziko ndani ya tranka alilorudi nalo kutoka bweni. Akija mgeni, yeye huhamia sebuleni, hutandika godoro watu wakishalala, na hulikunja kabla ya alfajiri.

Desemba alikuja shemeji yangu kwa siku mbili, akakaa wiki tatu. Usiku mmoja nilitoka kunywa maji nikamkuta binti amekaa sakafuni jikoni, saa 6 kasoro, daftari la Kemia limewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikuwa anasubiri baba yake na baba yake mdogo wamalize kutazama mpira ili apate pa kulala. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nimeweka akiba ya shilingi milioni moja na laki mbili. Wazo langu ni kukifanya chumba hicho kuwa cha kusomea kwa watoto wote watatu, chenye meza ndefu na rafu za vitabu. Wavulana wanataka wakipate wao, waweke televisheni na michezo yao ya video. Mume wangu anasema nyumba isiyo na chumba cha wageni si nyumba, na kila nikianzisha mazungumzo hunijibu kwa methali moja tu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mama yake ana miaka 71, anaishi Lushoto, na huja mara mbili kwa mwaka kuhudhuria kliniki ya macho. Safari hii atakuja mwishoni mwa Machi. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo kulala chini hawezi. Nilipomuuliza binti anataka nini, alinijibu, "Vyovyote mtakavyoamua, mama."

Naomba unishauri nikipange vipi chumba hiki, na fedha niliyonayo nianze nayo wapi.

Mama wa Watatu, Tabata

* * *

Dada yangu Mama wa Watatu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwenye ndoo iliyofunikwa na daftari la Kemia juu yake. Nilipokuwa na umri wa binti yako niliishi kwa mjomba wangu Morogoro, nikilala sebuleni kwa miaka miwili, nguo zangu zikiwa katika mfuko nyuma ya kochi. Mjomba hakunitesa, alinilisha na kunisomesha kama mwanawe, nami namshukuru hadi leo. Lakini najua mtoto anayengoja watu wazima wamalize mazungumzo ili apate pa kuegesha ubavu anavyojifunza kujibu "vyovyote mtakavyoamua". Kwake hayo si majibu ya mtu asiye na haja, bali ya mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kuulizwa.

Kwa hiyo nitakuambia wazi nisipokubaliana nawe. Usikifanye chumba cha kusomea cha wote watatu. Chumba hicho tayari kimekuwa cha wote kwa miaka mingi, na matokeo yake umeyaeleza mwenyewe: magunia, sufuria na jokofu bovu. Chumba kisicho na mwenyewe hugeuka stoo, kwa kuwa hakuna mtu anayeona haya kuingiza kitu humo, na hakuna anayeona ni wajibu wake kukitoa. Ukiweka meza ndefu leo, baada ya miezi sita utakuta juu yake nguo zisizopigwa pasi na katoni ya sabuni. Mpe binti yako chumba hicho kiwe chake, na umwambie hivyo mbele ya baba yake na wadogo zake. Kisha kipangwe kwa namna ambayo bibi yake akija atalala humo kwa heshima zote, akiwa mgeni wa mjukuu wake.

Neno hilo la mwisho ndilo la kwenda nalo kwa mume wako. Methali anayoitumia ni nzuri na haifai kubishiwa, ila inazungumzia pande mbili, mgeni na mwenyeji, na inataka ujio wa mgeni uwe nafuu kwa mwenyeji. Katika nyumba yenu mwenyeji anayebeba mzigo wa kila mgeni ni mmoja tu, naye ana miaka 16 na mtihani wa taifa mwezi Novemba. Mwambie pia kwamba kumsikiliza mtoto katika mambo yanayogusa maisha yake ni haki iliyoandikwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ingawa naamini moyo wa baba utamfikisha huko kabla ya sheria. Wala hutamwomba afute chumba cha wageni. Unamwomba akubali kwamba mama yake, anayekuja mara mbili kwa mwaka, hahitaji chumba kisicho na mtu miezi yote iliyobaki. Anahitaji kitanda kizuri, mahali pa kutundika nguo, na njia ya kwenda chooni usiku isiyo na kitu cha kumkwaza. Kuhusu shemeji yako na wageni wengine wanaume, hao walale sebuleni, na hilo baba wa nyumba ndiye alitamke, lisitoke kinywani mwako.

Sasa tuingie chumbani. Kitanda cha tano kwa sita kinakula sehemu kubwa mno ya sakafu, lakini msikiuze. Mninga wa mwaka 2006 ni mali, mchwa hauupendi, na kwa mume wako kitanda hicho ni kumbukumbu ya ndoa. Mwite fundi seremala, aje kukiona kabla hamjapatana bei, akipunguze kiwe cha nne kwa sita, na mbao zitakazobaki azitumie kwenye kitanda cha pili cha chini, chenye magurudumu, kinachoingia uvunguni mwa kile kikubwa na kuvutwa akija mgeni. Hicho cha chini kiwe cha futi mbili na nusu kwa sita, saizi ya godoro la bweni, na nadhani godoro hilo binti analo tayari. Fundi azingatie vipimo hivi kwa makini: godoro la chini lisizidi unene wa inchi 4, na kitanda cha juu pamoja na godoro lake kifike kimo cha sentimita 45 hivi kutoka sakafuni. Kimo hicho ni karibu sawa na cha kiti cha kawaida, na mtu mwenye magoti mabovu huketi na kuinuka hapo bila kushikwa mkono. Bibi atalala juu, mjukuu atavuta kitanda chake cha chini. Wakishazima taa watazungumza, na nina hakika mama mkwe wako atayakumbuka mazungumzo hayo kuliko chumba chochote cha peke yake mtakachompa.

Huenda mtu akakushauri ununue dabodeka ili kubana nafasi. Katika chumba hiki nakataa kabisa. Bibi hawezi kupanda, na joto la Dar es Salaam litakulazimisha kuweka pangaboi, ambalo halipaswi kuzunguka karibu na kichwa cha mtu anayeamka usingizini akiwa kitanda cha juu. Dabodeka linafaa chumba cha wavulana, nitalifikia baadaye.

Kitanda kiegemee ukuta wa kusini, kichwa kikielekea upande wa mlango au upande wa dirisha, binti achague. Meza ikae chini ya dirisha la mashariki, na kabati likae ukuta wa kaskazini. Hata kitanda cha chini kikivutwa chote, itabaki njia nyembamba ya kama sentimita 45 kati yake na kabati lenye kina cha sentimita 60. Kwa wiki chache za mgeni inatosha. Hata hivyo usinitegemee mimi kwa vipimo hivi, kwa kuwa sijui mlango wenu umekaa kona ipi wala unafungukia wapi. Chukueni futi kamba, wewe na binti, pimeni kuta zote, kisha mchore kitanda, meza na kabati kwa chaki sakafuni, nanyi mtembee kati ya mistari hiyo mkifungua na kufunga mlango. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na itamwokoa fundi na mbao zako.

Kabla ya rangi na kabla ya kabati, tazama ukuta unaopakana na bafu. Hukusema kama una madoa, lakini ukuta wa namna hiyo mara nyingi huvuta maji, na kabati likiegemezwa hapo nguo zitanuka uvundo kabla masika hayajaisha. Bandika kipande cha nailoni cha ukubwa wa karatasi ya daftari, ukizibe kingo zote nne kwa selotepu, ukiache kwa siku nzima. Matone yakijitokeza upande wa ndani unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani, na fundi bomba aanze kazi kabla ya fundi rangi. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa tu, na dawa yake ni kupitisha upepo. Kwa vyovyote vile, kabati liachwe nafasi ya sentimita 5 kutoka ukutani na liwe na miguu, lisikae juu ya sakafu moja kwa moja. Mbao zilizotengenezwa kwa unga wa mti na gundi huvutia kwa bei na kwa mng'aro, lakini zikinywa maji huvimba na hazirudi tena. Kwa fedha yako ningechukua fremu ya paini iliyowekwa dawa, milango na ubavu wa plaiwudi. Ukizunguka kwa mafundi wa Keko utapata mtu wa kukufanyia kwa mchoro wako mwenyewe, na huko utaweza kulinganisha bei za mafundi kadhaa kwa asubuhi moja.

Kabati ligawanywe sehemu tatu, mbili za binti na moja ya mgeni, yenye mlango wake na rafu ya kimo cha kifua ili bibi asiiname. Sehemu hiyo ibaki tupu. Nasisitiza neno tupu, maana ndipo magunia huanza kurudi kwa siri. Mchele uhamie kwenye pipa lenye mfuniko jikoni, ambako pia panya hawataufikia, viti vya plastiki vipangwe kimoja juu ya kingine kwenye baraza la nyuma, na jokofu lichukuliwe na wanunuzi wa vyuma chakavu wiki hii hii.

Dirisha la mashariki ni bahati. Litakupa jua la asubuhi, na kuanzia adhuhuri litakuwa kivulini, wakati vyumba vya magharibi vinaungua. Ila upepo hauingii mahali usipopata pa kutokea, kwa hiyo mwambie fundi atoboe tundu la hewa juu ya mlango, aliwekee wavu wa mbu kama ule wa dirishani. Chandarua kifungwe kwenye ndoano nne za ukutani, si katikati ya dari ambako pangaboi litakivuta, na ndoano nyingine ziwekwe tayari kwa ajili ya kitanda cha chini. Pazia ziwe mbili, moja nyepesi ya mchana inayopitisha upepo na nyingine nzito ya usiku, kwa kuwa msichana wa umri huo anapobadili nguo hapaswi kujiuliza nani anapita nje. Kama dirisha lina nondo, fundi wa kuchomelea aweke sehemu moja inayofunguka kwa ndani, ufunguo wake utundikwe karibu. Moto ukiwaka upande wa mlangoni, hiyo ndiyo itakuwa njia yake ya pekee.

Katika umeme usibane fedha. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, aongeze soketi mbili za ukutani, moja kwenye meza na nyingine kando ya kitanda. Ekstensheni ya ampea 13 kwenye umeme wetu wa volti 230 hubeba wati 3,000 hivi, na pasi pamoja na birika vikiwashwa kwa wakati mmoja vinaweza kuzidi hapo. Waya wa namna hiyo ukipita chini ya godoro la kitanda cha kuvutwa, sitaki hata kuandika yanayoweza kutokea. Meza iwe na kimo cha sentimita 75, urefu wa 120 na kina cha 50. Taa ya mezani ya LED ya wati 9 inatosha, ikae upande wa kushoto kama binti huandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono wake kisifunike anachoandika.

Rangi achague yeye, hata akitaka zambarau. Mshauri tu kwamba kuta tatu ziwe za rangi nyepesi ili chumba kisiwe kizito, na huo mmoja wa kupenda kwake uwe ule anaoutazama akiwa kitandani. Anzeni sasa, maana Januari na Februari jua ni kali na kuta zinakauka vizuri. Mkingoja masika, rangi itababuka.

Wavulana nao wasikilizwe, wasije wakaona dada yao amependelewa. Waambie ukweli: yeye ni msichana, ni mkubwa, na ana mtihani mwaka huu. Kisha wapewe kitu chao. Vitanda vyao viwili vikibadilishwa siku za mbele kwa dabodeka moja, ukuta mzima utabaki wazi kwa meza ya watu wawili, lakini hilo lisubiri akiba nyingine. Kwa sasa meza ya chakula iwe yao kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku, televisheni ikiwa imezimwa kwa kila mtu, baba akiwemo. Michezo ya video ibaki sebuleni, mahali mnapoiona. Na simu zote, pamoja na ya binti, zichajiwe usiku nje ya vyumba. Wataalamu wa usingizi wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku, na kwa umri huo mwili wenyewe tayari huchelewa kuuita usingizi. Kumpa binti chumba kisha umwache na simu humo hadi usiku wa manane ni kumrudisha kule kule jikoni.

Kwa mfuatano wa fedha, anza na maji ya ukutani ikiwa yapo, kisha umeme, kisha kitanda na meza, kisha rangi. Kabati lije la mwisho. Fedha ikiisha kabla yake, fungeni bomba la kutundikia nguo na pazia mbele yake, nalo kabati lifuate mwezi mwingine. Bibi hatalikosa sana. Atakachokosa ni kimo sahihi cha kitanda, kwa hiyo hapo usikubali fundi akuambie "tutakadiria tu, mama".

Halafu kuna kitasa. Nunua chenye funguo mbili, umkabidhi binti mmoja mkononi siku rangi itakapokauka, na wa pili ukae kabatini kwako. Mkubaliane kwamba wewe na baba yake mtabisha hodi kabla ya kuingia, na kwamba wadogo zake wakibisha na kuambiwa subiri, watasubiri. Bibi akifika Machi, binti ndiye ampokee begi mlangoni na kumwonyesha rafu yake.